Mpaka Hauonyeshwi kwa Kidole

Hospitali ya Misheni,
Mbeya
24 Februari 1992

Mjomba Parsimei,

Shikamoo. Huku kwetu mvua haijakatika tangu Krismasi, na viazi vimeanza kuoza ardhini. Mimi ni mzima. Wodi imejaa, lakini usingizi ninaupata. Msalimie mwanao Yoeli na mkewe Diana. Mwambie mkweo kitenge alichonitumia nimekishona, na manesi wenzangu wananiuliza kama nimechumbiwa.

Redio imesema homa ya uti wa mgongo imeingia Arusha, minada imefungwa, na watu wamekatazwa kukusanyika, hata misibani. Homa hii niliiona kwa macho yangu nikiwa mwanafunzi. Humkuta mtu mzima asubuhi, na jioni hajui jina lake. Na wewe una kifua ambacho madaktari walishakuambia hakitapona: vumbi la mbao, moshi wa kambi za misitu, na zile sigara ambazo hatuzitaji. Kifua cha namna hiyo hakina akiba. Homa yoyote ikikupata, hata mafua, hutakuwa na pumzi ya kupigana nayo.

Kwa hiyo nimemwandikia Yoeli barua yake peke yake, naye atakusomea. Usitoke nje ya geti. Usiende sokoni, usiende kununua gazeti, usiende kanisani hata mchungaji akikufuata. Chanjo zikifika, watoto na vijana watatangulia. Subiri zamu yako. Kazi yako ni moja tu, kupumzika.

Najua utakasirika. Kasirika ukiwa umekaa.

Mpwa wako,
Nanyori


Sekei, Arusha
29 Machi 1992

Mwanangu Nanyori,

Marahaba. Barua yako ilitumia siku kumi na tisa njiani, lakini ile ya Yoeli ilifika kwa kumi na moja, kwa hiyo nilifungwa kabla ya kusomewa hukumu. Ng'ombe wa Diana amezaa ndama jike. Yoeli ameacha kazi ya serikali, sasa anauza vipuri katika duka la mtu binafsi kama nusu ya vijana wa mji huu, na amenunua tai mbili za mitumba. Mtaa wa chini tumezika watu wawili, au tuseme wamezikwa, maana hatukuruhusiwa kwenda.

Amri yako inatiiwa hapa kuliko amri ya mkuu wa mkoa. Unajua heshima ya watu wetu, mkwe na baba mkwe. Diana hanikaribii, hataji jina langu, na haketi ninapoketi. Lakini nikikohoa, beseni linafika kabla kikohozi hakijaisha. Nikitazama mtungi, kikombe kimejaa. Kiti changu kimetolewa barazani na kuwekwa kando ya kitanda, ili nisichoke kukifuata. Loshoro, ule uji wa mahindi na maziwa ya mgando, ninaletewa kitandani kama mzazi aliyejifungua.

Unaijua kazi yangu ya miaka ishirini na sita: kushika ncha ya mnyororo wa kupimia misitu, na pale mnyororo usipopita, kuhesabu hatua. Mtu wa kazi hiyo haachi kuhesabu. Kabla ya barua yako, kila asubuhi nilikwenda kwa muuza magazeti wa barabara kuu. Hatua mia tisa na arobaini, nikisimama mara mbili. Leo nimekwenda chooni na kurudi, hatua arobaini na nne, nikasimama mara moja. Nimeandika hivyo kwenye daftari na sikuandika sababu.

Sasa neno lenyewe. Lemburis, ndugu yangu wa baba mmoja, amepata mnunuzi wa shamba la mama yako kule Olmotonyi. Ni mtu wa mjini anayetaka kujenga nyumba ya wageni, maana siku hizi kila mtu ameruhusiwa kujenga kila kitu. Lemburis anasema baba hakumpa mama yako lile shamba, alimwazima tu aliporudi nyumbani na wewe mgongoni, na kwamba mpaka wa kweli uko korongo la chini. Mzee Sumari na wazee wenzake wamesema: siku mikutano itakapofunguliwa, mpaka utatembewa. Tuliopanda masale yake, ile mimea ya mpaka, mwaka 1958 tulikuwa wanne. Nimebaki mimi.

Na wewe umekulia misheni, kwa hiyo nikukumbushe. Kwetu mpaka hauonyeshwi kwa kidole. Shahidi huenda kwa miguu yake kutoka isale la kwanza hadi la mwisho, analigusa kila moja kwenye shina, na kumtaja aliyelipanda. Akibebwa, au akikaa chini njiani, ushahidi wake umeishia hapo. Masale yale ni thelathini na moja. Tuliyapanda kila baada ya hatua thelathini, nusu ya njia ikiwa ni mlima.

Shamba langu mwenyewe unajua lilikokwenda. Mwaka 1953 mpaka wa msitu ulisogezwa, na aliyeshika ncha ya mnyororo siku ile nilikuwa mimi. Nilipima vizuri, sikukosea hata futi moja, na jioni nilirudi nyumbani nikiwa sina nyumba. Tangu hapo naishi Sekei kama mgeni aliyeambiwa asubiri kidogo. Mpaka wa pili sitaupoteza.

Kwa hiyo niambie siku ya kufunguliwa.

Mjomba wako,
Parsimei


Mbeya
19 Aprili 1992

Mjomba,

Shikamoo, na hongera ya ndama. Pasaka nimeifanyia kazi, zamu tatu za usiku mfululizo. Daktari wetu mpya ni mpole, anajifunza kusema pole kwa Kinyakyusa.

Jibu langu ni hapana. Nimeuliza watu wanaojua sheria: andika ushahidi wako, utie sahihi mbele ya hakimu, au Mzee Sumari aje hapo kitandani umchoree ramani. Wewe ni mpimaji, ramani yako itaaminika. Kupanda mlima wa Olmotonyi na kifua chako ni kujiua mbele ya mashahidi.

Zaidi ya hayo, lile shamba silitaki. Sina mume, sina ng'ombe wa kulisha, mshahara unanitosha. Tangu tulipomzika Yeyo, mama yangu, sijakanyaga pale, na sina haja. Mwachie Lemburis.

Kuhusu hatua za chooni, huo ni umri. Usinijibu habari za hatua.

Nanyori


Sekei
17 Mei 1992

Mwanangu,

Marahaba. Ndama ametajwa jina lako, usinune. Ni mkaidi na ana macho mazuri. Yoeli ana jino linalomsumbua. Mvua za masika zimekuwa nyingi, na Meru hatujauona wiki mbili.

Umeniambia nisikujibu habari za hatua. Nakujibu. Jana, kutoka kitandani hadi getini, hatua sitini na moja, nimesimama mara tatu. Mara ya tatu nilishika kamba ya nguo za watoto nikasubiri dunia irudi mahali pake.

Nimelifikiri jambo hili kama nilivyokuwa nikifikiri vipimo vinapokataa kukutana. Homa haikunipata. Hakuna aliyenikoholea. Sigara niliacha mwaka 1984. Pampu ya dawa ya kifua naivuta kama ulivyonionyesha. Kilichobadilika ni kimoja tu, nimekaa. Mapaja yangu yamelegea, na paja lililolegea huomba pumzi nyingi kuliko lililokaza. Kifua hakina cha kulipa. Basi ninahema, nikihema naogopa, nikiogopa nakaa, na nikikaa mapaja yanalegea zaidi. Tulipokuwa tukipanda misonobari, bwana mmoja mgeni aliagiza kila mche ufungwe kwenye mti wa kuuegemeza, upepo usiuyumbishe. Baada ya miaka mitatu tulikata kamba, na miche ikalala chini. Haikuwahi kuhitaji shina.

Mmeniegemeza sana, Nanyori.

Jumatatu nilichukua ndoo ndogo nikaenda bombani, pale pembeni ya zizi. Diana alikuwa barazani anashona sare za shule. Akaacha cherehani.

"Baba, hiyo ndoo umeitoa wapi?"

"Ilipokuwa."

"Majirani watasema nakuchotesha maji."

"Waambie ni dawa."

"Dawa gani hii inavuja mpaka kwenye viatu?"

Mama Anjela, jirani, alikuwa ameshachungulia juu ya ua. "Diana mwenzangu, umeajiri? Na mimi nina nguo za kufua, mzee wako anachukua shilingi ngapi?" Diana aliingia ndani, na nilisikia analia. Sikumlaumu. Mkwe anayemwacha baba mkwe abebe ndoo anasemwa mpaka kisimani. Lakini kesho yake nilibeba tena. Nusu ndoo, hatua thelathini, nasimama, naendelea. Yoeli amenifungia geti na kuondoka na ufunguo. Amesahau kwamba ndani ya geti mna hatua za kutosha mtu akizunguka.

Ushahidi wa kitandani siuandiki. Karatasi ndiyo iliyochukua shamba langu.

Sasa nakuuliza swali moja, kwa kuwa wewe ni nesi. Mwezi wa mwisho wa mama yako, kabla ya ile homa ya mapafu, alikuwa anatembea hatua ngapi kwa siku? Sikulaumu. Mimi nilikuwapo, wewe hukuwapo. Jibu ninalo, na nimechoka kuwa nalo peke yangu.

Parsimei


Mbeya
5 Julai 1992

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako wiki tano. Mwezi wa sita ulinitumia kadi ukisema mnaendelea vizuri, ndama amekua. Diana alipiga simu hospitali Alhamisi iliyopita, akalia kwanza shilingi za simu zikienda, ndipo akaniambia kwamba siku nne kabla ya kadi ile ulikuwa umeanguka kati ya bomba na zizi, ukalala hapo mpaka ng'ombe akalia. Hukuandika hata nusu ya mstari.

Basi na mimi niseme nisilolisema.

Hatua za Yeyo katika mwezi ule zilikuwa sifuri. Najua kwa sababu niliamuru mimi. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi mitano, nina kofia nyeupe na saa ya kubandika kifuani. Yeyo alikuwa na kifua kama chako, cha moshi wa jiko, na mwaka ule mafua yalikuwa mengi. Nikamwandikia: usitoke, usichanje kuni, usiende kukata majani, lala. Mwanamke aliyekuwa akipanda lile shamba mara mbili kwa siku na mzigo kichwani. Alinitii kwa sababu alikuwa anajivunia. Aliwaambia wageni wote, mwanangu nesi amenikataza kuinuka. Wiki tisa. Homa ya mapafu ilipokuja ilimkuta hana nguvu hata ya kukohoa.

Wote walisema homa ilimuua. Nami nilikubali, nikaomba kazi Mbeya.

Uliponiandikia habari ya hatua arobaini na nne nilizitambua siku ileile. Ndiyo maana nilisema ni umri.

Nimemuuliza daktari wetu, na nimewatazama wagonjwa wangu wa kifua kwa jicho jingine. Wanaokwenda dirishani wenyewe hurudi nyumbani mapema kuliko tunaowapelekea kila kitu. Nilichanganya mambo mawili, Mjomba. Kukaa mbali na watu ni jambo moja, na kukaa kitini ni jingine. Homa ile huenezwa panapojaa watu na pumzi zao. Njia tupu ya asubuhi haina homa.

Sikiliza sasa. Kama chanjo imefika zamu yenu, nenda. Vuta pampu kabla ya mlima, usingoje ufike juu. Ingiza pumzi kwa pua, itoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama unapoza chai. Nenda mwendo ambao huwezi kuimba lakini unaweza kuongea. Ukishindwa kuongea, simama, inama kidogo, mikono uiegemeze kwenye fimbo, usubiri. Kusimama si kushindwa. Ongeza hatua ishirini kila baada ya siku tatu, zaidi ya hapo hapana. Asitoke mtu na wewe wa kukushika. Atoke mtu wa kukuona.

Diana nimemwandikia aache kukuletea maji. Nimemwambia ni amri ya nesi, ili apate la kuwajibu majirani.

Sikuombi msamaha kwa barua.

Nanyori


Sekei
26 Julai 1992

Mwanangu,

Marahaba. Chanjo nimechomwa, mkono ulivimba siku mbili. Yoeli ameng'oa jino. Mama Anjela sasa ananihesabia mizunguko kupitia ua, na huwa anadanganya kunipunja ili niongeze.

Uliyoyasema nimeyasoma mara moja tu, inatosha. Wewe ulitoa amri ukiwa mbali, na ulikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu. Godoro nilimpelekea mimi. La sponji, la kwanza katika kijiji kile, nililibeba kichwani kutoka barabara ya Nairobi. Nikamwambia, dada, lala, umefanya kazi ya kutosha. Nilimwona anavyopungua nikasema ni ugonjwa. Mimi, niliyeuona msonobari ukilala. Kwa hiyo tugawane, usichukue peke yako.

Mikutano imefunguliwa Jumatano. Wazee wamepanga Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Leo hatua mia nne na kumi, nimesimama mara tano. Sina uhakika nitafika. Kwenda nitakwenda.

Parsimei


Sekei
8 Septemba 1992

Mwanangu Nanyori,

Marahaba. Nimelala siku mbili, ndiyo maana barua hii imechelewa. Kifua hakijapona wala hakitapona, lakini hakijazidi. Nyumbani wote hawajambo.

Jumamosi tulifika Olmotonyi saa mbili asubuhi. Walikuwapo Mzee Sumari na wazee sita, Lemburis, mnunuzi wake amevaa viatu vyeupe, na majirani wengi kuliko nilivyotaka. Mnunuzi alikuja na gari refu, likasimama karibu na isale la kwanza. Lemburis akaniamkia vizuri sana.

"Shikamoo kaka. Umechoka, sura yako inaonyesha. Panda gari. Njia inafuata mpaka, utatuonyesha kupitia dirishani. Hakuna anayetaka kumtesa mzee."

Wazee wawili waliitikia kwa kichwa. Lilikuwa neno la heshima, na ndiyo hatari yake. Nikamjibu, "Tulipopanda hapakuwa na gari, Lemburis. Wewe ulikuwa unanyonya."

Watu wakacheka, nami nikapata muda wa kuvuta pampu.

Nilikwenda kama ulivyoniambia, chai ikipoa. Kila isale niligusa shina na kutaja: hili baba, hili mimi, hili Eliasi jirani yetu, hili mama yako. Mama yako alipanda tisa, wengi hawakujua. Baada ya masale kumi wazee walianza kunong'ona. Nikisimama, wao walikaa kwenye majani. Jua lilipopanda, watu wote wenye mapafu mazima walikuwa wamekaa, na aliyesimama alikuwa mgonjwa peke yake. Yoeli alinijia mara moja mkono umenyooka. Nilimtazama akarudi nyuma.

La kumi na sita lilikuwapo. La kumi na saba halikuwapo. Mbele yake palikuwa na mahindi yaliyovunwa, ardhi sawasawa, na baada ya hapo sikuona kitu mpaka kwenye mlima. Lemburis akasema kwa sauti ya upole, "Mpaka unaishia hapa, kaka. Ndivyo nilivyowaambia."

Nilitamani kukaa. Sikuficha hilo, na wewe nakuambia. Niliinama juu ya fimbo mpaka nikaweza kuongea, nikamwambia Mzee Sumari, "Kutoka la kumi na sita ni hatua thelathini." Lemburis akaitikia haraka, akahesabu thelathini zake, akaonyesha ardhi tupu. Nikasema, "Si zako, wala si zangu za leo. Thelathini zangu za mwaka hamsini na nane."

Mwezi wa nane nilikuwa nimelala na wazo hilo. Mnyororo wa zamani bado ninao, umeshika kutu. Niliutandaza uani nikapima hatua yangu ya sasa, na ile ya ujana imeandikwa katika daftari la kazi. Ugonjwa umenipunguzia zaidi ya robo ya hatua. Kwa hiyo thelathini za kijana ni arobaini na moja za mzee huyu. Nilizitembea, nikihesabu kwa sauti kila nilipopata sauti, nikachoma fimbo ardhini. "Chimbeni."

Yoeli akachimba, tai yake ikiwa shingoni. Pigo la nne la jembe lilitoa kisiki cha isale, kimekatwa kwa panga, na kwenye ubavu wake kichipukizi cheupe kimekunjamana kinatafuta njia ya kutokea. Mnunuzi alikwenda kukaa ndani ya gari lake. Tulivyoendelea, mengine matatu yalikuwa yamekatwa hivyohivyo, na yote niliyafikia kwa arobaini na moja, isipokuwa moja nililokosea kwa hatua mbili kwa sababu ya mlima.

Hatua elfu moja mia mbili thelathini na moja. Nimesimama mara ishirini na sita. Nimetumia muda wa saa tatu na dakika kumi. Zamani mama yako aliupanda mlima ule kwa muda wa kuchemsha maharage. Mzee Sumari aliweka mkono wake juu ya wangu kwenye isale la mwisho, akasema shamba ni la mama yako, na la kizazi chake. Lemburis alinipa mkono. Ulikuwa wa baridi, lakini alinipa.

Kisha Mzee Sumari akauliza kama inavyoulizwa, "Baada yako, nani ataujua mpaka huu?" Yoeli alisogea mbele, ana haki ya kudhani ni yeye. Nikataja jina lako.

"Mwanamke?" akauliza Lemburis.

"Shamba la nani?" nikamjibu.

Wazee walizungumza kando kwa muda mrefu, nami nilifurahi, maana nilikuwa nahema. Mzee Sumari alirudi akasema jambo hilo halijawahi kufanyika hapa, lakini hakuna aliyewahi kulikataza. "Aje tumwone," akasema.

Likizo yako ni Desemba. Usiniandikie kwamba shamba hulitaki. Ukishalijua unaweza kuligawa, hata kuliuza, sitakuzuia. Lakini kwanza utalitembea, isale kwa isale, wazee wakiona. Mimi nitakuwa mbele, na utakwenda mwendo wangu.

Mjomba wako,
Parsimei